Umepoteza funguo za gari Mwanza? Pitia hapa kabla hujamruhusu mtu avunje swichi

#1 FundiUmeme wa Mabatini

Habari za muda huu wakuu.

Kuna jamaa wa Nyakato wiki hii kaletwa gereji na IST, funguo zimeibiwa, na kabla ya kufika kwetu alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine anunue kontroo boksi (kompyuta ya gari) nzima. Tumeangalia: gari yake haina hata chipu. Ilikuwa inataka kuchongewa ufunguo tu, akawasha akaondoka. Boksi aliyoambiwa anunue ingemla mshahara wa mwezi. Hivyo nimeona tuwe na uzi mmoja wa jambo hili, kila mtu aulize hapahapa.

Tuanze na ufunguo wenyewe. Mle ndani mna vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake na kinakufa kivyake. Kuna chuma, hicho kinachochongwa, kazi yake ni kuzungusha kitasa na swichi. Kuna rimoti, ile ya kubonyeza milango ifunguke, ndiyo inayotumia betri. Halafu kuna chipu, iliyofichwa ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo, na hii ndiyo watu wengi hawajui kama ipo.

Chipu haina betri. Ukiingiza ufunguo kwenye swichi, kuna pete ya waya wa shaba imezungushiwa mdomo wa swichi. Ile pete inatoa mawimbi (kati ya kilohezi 125 na 134 kwa gari nyingi), mawimbi hayo ndiyo yanaipa chipu nguvu ya kujibu. Gari inauliza, chipu inajibu, kama mlinzi na neno la siri getini. Jibu likiwa sahihi, injini inaruhusiwa kuwaka. Likikosewa, utapiga stata mpaka betri iishe, au itawaka sekunde moja na kuzima. Mfumo huo ndio unaitwa imobilaiza.

Kwa hiyo mtu akikwambia "betri ya rimoti imekufa ndiyo maana gari haiwaki" na gari yako ni ya kuchomeka ufunguo, mwambie atafute sababu nyingine. Betri ya rimoti ikifa utafungua mlango kwa chuma, utachomeka, itawaka kama kawaida.

Utajuaje kama gari yako ina imobilaiza? Zima gari, toa ufunguo, angalia dashibodi. Nyingi zina kitaa chekundu, mara nyingine kina alama ya gari au ya ufunguo, kinakonyeza. Ukichomeka ufunguo kinazimika. Kikiwepo, una chipu. Tatizo la gari zetu za Kijapani ni kwamba Ulaya waliilazimisha imobilaiza kwa gari mpya mwaka 1998, lakini Japani ilibaki kitu cha kuongezewa kulingana na daraja la gari. Ndiyo maana unakuta Vitz mbili za mwaka mmoja, rangi moja, moja ina chipu na nyingine haina. Usiulize "IST ina chipu?" Uliza IST YAKO.

Sasa penye hela. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kuongeza wa pili ni kazi nyepesi. Fundi anachomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, anaufundisha ufunguo mpya, mnamaliza mkiwa bado mnaongelea mechi. Ukiwa huna hata mmoja, hiyo ni kazi ya aina nyingine kabisa. Gari haina shahidi wa kuthibitisha kwamba mwenye ufunguo mpya ni halali. Hapo kuna njia mbili kwa Toyota nyingi: ama mashine iilazimishe imobilaiza ijisafishe na ipokee funguo upya, kazi ambayo kwa baadhi ya Toyota inachukua kama dakika 16 gari ikiwa imewashwa swichi bila kuguswa, ama boksi litolewe, lifunguliwe, kile kidude cha kumbukumbu chenye miguu minane kisomwe na kuandikwa upya.

Katika hizo dakika 16 ndipo wengi wanapoharibikiwa. Gari imekaa siku nyingi haijawashwa kwa sababu haina ufunguo, betri imeshuka, fundi anaanza tu. Katikati umeme unalegea, mashine inakata, boksi linabaki halijui liko wapi. Kabla fundi hajagusa chochote mwambie apime betri na aunganishe chaja au gari nyingine. Akisema "haina haja mkuu, tunafanyaga hivihivi", tafuta mwingine.

Kwa Nissan ni tofauti kidogo, inatakiwa namba ya siri inayopatikana kutokana na namba ya boksi la bodi. Benzi na BMW sizigusi hapa, hizo nawapa wenye mashine zake.

Pia kama Toyota yako ya zamani ilikuja na ufunguo wenye kichwa cheusi na mwingine wa kijivu, uutunze ule mweusi. Wa kijivu unawasha gari lakini hauwezi kusajili ufunguo mwingine. Watu wanapoteza mweusi, wanakaa miaka na wa kijivu wakidhani wana ufunguo kamili.

Mwisho, usikubali mtu avunje swichi "aunge waya". Kwenye gari yenye chipu waya haudanganyi kitu, na usukani utabaki umejifunga. Utakuwa umelipa swichi mpya na ufunguo bado huna.

Bei siandiki. Nikiandika, mtu anaenda nayo kwa fundi mwingine na skrinishoti. Ulizeni mengine yote.

#2 Ngosha wa Kisesa

Naweka kiti hapa. Wabeja mkuu.

#3 Mzee wa Limited

Mafundi mna njia nyingi za kula hela zetu. Chipu, sijui pete ya shaba, dakika 16. Mimi nilichongesha ufunguo pale karibu na Makoroboi kwa kijana ana mashine ya kukanyaga, gari inawaka mpaka leo. Mwache vitisho.

#4 FundiUmeme wa Mabatini

Mzee wangu shikamoo. Gari gani?

#5 Mzee wa Limited

Corolla 110.

#6 FundiUmeme wa Mabatini

Hiyo haina chipu mzee. Yule kijana alikufanyia kazi sahihi na bei sahihi. Ukihamia kwenye gari nyingine utanikumbuka.

#7 Mtoto wa Mwaloni

😂😂😂 Mzee kapigwa kistaarabu.

#8 Mama Kulwa

Jamani habari zenu. Mimi nina Passo, Doto kanitupia ufunguo kwenye pipa la maji, umekaa humo usiku mzima. Asubuhi rimoti haifungui, ila gari inawaka. Shemeji yangu ananiambia niuweke kwenye mchele. Nifanyeje?

#9 FundiUmeme wa Mabatini

Pole Mama Kulwa. Gari kuwaka ni ishara kwamba chipu ni nzima, na hilo ni la kawaida, chipu imezibwa haipitishi maji. Kilichoingiwa maji ni rimoti.

Acha kubonyeza. Kila unapobonyeza, umeme unapita penye maji na shaba inaanza kuota kijani. Fungua kichwa cha ufunguo, kuna mstari pembeni, tumia sarafu au kisu butu taratibu, toa ile betri ya duara. Hiyo betri itupe, imeshalowa na ni ya bei ndogo. Angalia namba iliyoandikwa mgongoni mwake, inaweza kuwa CR2016, CR2032 au nyingine, ununue namba ileile, maana unene ni tofauti. Kisaketi kipanguse, kiache mbele ya feni hadi kesho. Mchele hauna kazi hapo, utaingiza unga tu kwenye vitufe. Ukiona kijani kwenye shaba, futa kwa mswaki na spiriti kavu. Kikishakauka weka betri mpya ujaribu.

Wakati umefungua, angalia chipu isidondoke. Kwenye funguo nyingi imechomekwa tu kwenye plastiki, haijaunganishwa na waya. Nimeshapata mteja kabadilishiwa kava jipya zuri la kung'aa, chipu ikabaki kwenye kava la zamani, kava la zamani likaenda na taka.

#10 Mama Kulwa

Asante sana kaka. Hilo la kava ndilo nililokuwa nataka kufanya wiki ijayo.

#11 Mtoto wa Mwaloni

Naomba niongeze kwa wanaopanda pantoni ya Kamanga. Watu wanasimama ukingoni wanapiga selfi na funguo mkononi. Ikidondoka kule katikati, sahau. Ikidondoka gatini penye maji ya magotini, unaweza kuipata, vijana wapo wa kuokota. Ila wewe mwenyewe usiingie na suti yako, utatoka na ufunguo mmoja na kichocho juu.

Na kweli funguo zilizotoka ziwani nyingi zinapona. Nilikuwa Dar, kule ufunguo ukiingia baharini rimoti imekwenda.

#12 FundiUmeme wa Mabatini

Sahihi. Ziwa letu ni maji baridi, bahari ina chumvi na chumvi ndiyo inayokula saketi haraka. Ikitoka baharini inatakiwa isuuzwe na maji safi kwanza ndiyo ikaushwe. Ya ziwani unaondoa tope na kukausha.

#13 Anaconda Capri Point

Mkuu, mimi Harrier Anaconda, ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe. Juzi nimetoka kazini inaniandikia ufunguo hauonekani, na nimeushika mkononi! Milango nayo haifunguki. Nimerudi nyumbani na bodaboda. Je, programu imefutika?

#14 FundiUmeme wa Mabatini

Programu haifutiki yenyewe mkuu. Hapo asilimia kubwa ni betri ya ufunguo. Gari za kubonyeza ndizo zinazotegemea betri, lakini hata hizo zimewekewa njia ya dharura na wenye gari wengi hawajawahi kuonyeshwa.

Pembeni mwa huo ufunguo wako kuna kitufe kidogo cha kusogeza. Kisogeze, vuta, chuma kitatoka. Ndiyo ufunguo wa mlango. Tundu lake lipo kwenye kitasa cha dereva, kwenye gari nyingine limefunikwa na kiplastiki cha kubandua. Ukishaingia ndani, kanyaga breki, chukua ule ufunguo na upande wenye nembo ya Toyota uuguse kwenye kitufe cha kuwashia. Utasikia mlio. Bonyeza kitufe ndani ya sekunde 10, gari itawaka. Ndani ya huo ufunguo pia kuna chipu isiyohitaji betri, na kitufe kina pete kama ile ya kwenye swichi.

Jaribu leo mchana, siyo siku umekwama Usagara saa nne usiku na familia.

Kingine, usiweke ufunguo mfuko mmoja na simu au chaja. Mawimbi yanaingiliana, unapata tatizo hilohilo hata betri ikiwa mpya.

#15 Anaconda Capri Point

Wee! Imewaka. Nimekaa na hii gari muda wote huo sijui kama kuna chuma ndani. Ubarikiwe fundi.

#16 Ngosha wa Kisesa

Aliyekuuzia alikula hela akakuachia siri 😂

#17 Dada wa Nyegezi

Swali langu ni la usalama. Gari naacha sehemu ya kuoshea, funguo inabaki na vijana kwa muda wa saa mbili au tatu. Wanaweza kunakili ufunguo? Na nikihisi wameshanakili nafanyaje? Gari ni Raum, ina hicho kitaa chekundu.

#18 FundiUmeme wa Mabatini

Dada, chuma kinanakiliwa na yeyote mwenye mashine ya kuchonga. Chipu inategemea. Zile za zamani zinatoa jibu lilelile kila siku, mwenye kifaa anasoma, anaandika kwenye chipu nyingine tupu, kazi imekwisha. Za baadaye zinabadilisha jibu kila mara, hizo ni ngumu zaidi.

Ukihisi kitu, mwambie fundi wako asome gari ina funguo ngapi zilizosajiliwa, kwa gari nyingi mashine inaonyesha. Wewe unazo mbili mkononi, mashine inasema tatu, hapo kuna la kujibu. Ila ufahamu kwamba ufunguo ulionakiliwa kwa chipu pacha hauhesabiki kama wa tatu, gari inauona ni uleule.

Dawa ni kufuta zote na kusajili upya. Na hapa naomba wote msome vizuri: siku ya kufuta, njoo na funguo ZOTE ulizonazo. Ule uliouacha nyumbani kwenye droo utafutwa pamoja na wa mwizi. Watu wanakuja na mmoja, wanaondoka na furaha, wiki ijayo mume anapiga simu kutoka Bugando kwamba gari haiwaki.

Na kufuta chipu hakubadilishi kitasa. Chuma cha mwizi bado kinafungua mlango na kuchukua laptopu yako. Kama funguo ziliibiwa pamoja na pochi yenye anwani, badilisha na silinda za vitasa.

#19 Saketi Ndogo

Niongezee kwa anayependa undani. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walivunja siri ya chipu za Texas Instruments zenye ufunguo wa biti 40, ambazo zilitumika kwenye gari nyingi. Halafu 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya KU Leuven na Birmingham wakaonyesha udhaifu kwenye baadhi ya Toyota, Hyundai na Kia zilizotumia toleo jipya la biti 80. Kwa Toyota walikuta siri imetengenezwa kutokana na namba ya chipu yenyewe, namba ambayo chipu inaitangaza ikiulizwa.

Lakini msiogope sana. Mwizi anahitaji kuusogelea ufunguo wako kwa kifaa, halafu bado ana swichi ya kuzungusha. Kwa mitaa yetu anayenakili ufunguo atautumia ule uliompa mwenyewe.

#20 Kijana wa Buzuruga

Fundi mwenzangu nakuheshimu, lakini kuna jambo umelikwepa. Wateja wetu wengi ni wa teksi na Noah za abiria. Kapoteza funguo zote, hesabu ya bosi inamsubiri jioni, hela ya kusafisha boksi hana. Njia ya kawaida mtaani inajulikana: unapata chipu moja inayokubalika na gari, unaibandika na gundi kwenye pete ya swichi, inakaa humo milele. Baada ya hapo unachonga chuma cha kawaida hata vitano. Gari inawaka, mtu anarudi kazini. Kuna ubaya gani?

#21 FundiUmeme wa Mabatini

Ubaya ni kwamba imobilaiza imekufa na mwenye gari hajaambiwa. Chipu inajibu muda wote, iwe ni wewe umechomeka au mwizi. Gari imerudi kuwa Corolla 110 (samahani mzee). Siku anaiuza, mnunuzi anaona kitaa chekundu kinakonyeza anajua amelindwa.

Na hiyo "chipu moja inayokubalika" umeipata wapi kama funguo zote zimepotea? Ina maana mashine imeshafanya kazi ngumu tayari. Kilichobaki ni kuiweka chipu kwenye kichwa cha ufunguo badala ya kuigundisha kwenye swichi. Tofauti ya bei ni kava.

#22 Kijana wa Buzuruga

Kava lenye nafasi ya chipu halipatikani kila siku hapa, na la kuagizwa mteja hasubiri. Mimi namwambia mteja ukweli, anachagua mwenyewe. Wengine wanasema "fundi niwashie tu". Siwezi kumlazimisha.

#23 FundiUmeme wa Mabatini

Kama unamwambia na unamwandikia kwenye risiti, hapo tumekaribiana. Mimi bado sifanyi. Gari ikiibiwa, polisi wakifungua swichi wakakuta gundi, wa kwanza kutafutwa ni fundi.

#24 Mzee wa Limited

Corolla 110 imekukosea nini lakini?

#25 Sengerema Yetu

Mimi niko ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Nimepoteza ufunguo pekee wa Premio. Je, niivute gari kuja Mwanza au nimlete fundi huku? Wengine wananiambia niivute, daraja si lipo.

#26 FundiUmeme wa Mabatini

Mlete fundi mkuu. Mashine inaingia kwenye begi. Zamani nilikuwa nahesabu foleni ya kivuko Kigongo kabla sijakubali kazi ya Sengerema, tangu Daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025 naweza kutoka asubuhi na mchana nikawa nimerudi mjini.

Kuivuta kuna shida zake. Huna ufunguo, kwa hiyo usukani umejifunga na gia iko P. Gia unaweza kuitoa, kuna kitundu kidogo chenye kifuniko karibu na mkono wa gia, unabonyeza kwa bisibisi nyembamba. Usukani hautoki. Na Premio nyingi zinavutwa na matairi ya mbele. Ukiiburuta matairi ya mbele yakizunguka, gia boksi ya otomatiki haipati mafuta inavyotakiwa, unaua gia boksi kwa ajili ya ufunguo. Kama hakuna namna, bredauni iinue mbele au ibebe gari nzima.

#27 Sengerema Yetu

Nimeelewa. Kwa hiyo chuma kitachongwaje wakati hakuna cha kunakili?

#28 FundiUmeme wa Mabatini

Swali zuri. Kama unacho kile kibati kidogo cha namba kilichokuja na funguo, kinatosha, namba ile ndiyo ramani ya meno. Gari za mnada wa Japani nyingi zinafika bila hicho kibati. Bila hicho, tunatoa kitasa cha mlango. Kwenye baadhi ya Toyota namba imegongwa kwenye silinda ya mlango wa abiria. Isipokuwepo, silinda inafunguliwa, vile vibati vya ndani vinasomwa kimoja kimoja urefu wake, chuma kinachongwa kulingana navyo. Ni kazi ya macho na uvumilivu, haihitaji nyundo.

Uwe na kadi ya gari, kitambulisho cha NIDA, na ripoti ya upotevu ya polisi, ile hata kwenye mtandao wao unaipata. Bila hivyo sifungui begi.

#29 Nansio Kwetu

Hapo kwenye kadi mnatuonea. Kadi yangu iko benki, gari ni ya mkopo. Na wengine kadi ina jina la aliyemuuzia miaka ile.

#30 FundiUmeme wa Mabatini

Ya mkopo ni rahisi, benki inakupa nakala na barua. Ya jina la mtu mwingine, leta mkataba wa mauziano na namba ya simu ya muuzaji nimpigie mbele yako. Halafu kabadilishe jina, hilo liko nje ya uzi huu.

Fundi anayekutengenezea ufunguo bila kukuuliza karatasi, kesho atamtengenezea mwingine ufunguo wa gari yako bila kumuuliza karatasi.

Na kwa Ukerewe tupo, tunapitia Kisorya kuvuka Rugezi, au meli. Nauli ya fundi ni juu yako tu.

#31 Dada wa Nyegezi

Nimeona ufunguo wa Raum mtandaoni, umetumika, bei nusu. Niuchukue uje kuusajili?

#32 FundiUmeme wa Mabatini

Usiuchukue kabla ya kuuliza. Chipu nyingi zikishafungwa kwenye gari moja hazikubali gari nyingine, unanunua plastiki. Na za kubonyeza zilizotumika hazisajiliki mpaka saketi yake ifunguliwe upya, na siyo kila moja inakubali. Tafuta tupu.

Kuna na suala la mawimbi ya rimoti. Gari za Japani ziko karibu megahezi 315, zilizotengenezewa Ulaya nyingi ni 433. Ufunguo unafanana kwa nje mpaka nembo, chipu inaweza hata kusajiliwa na gari ikawaka, lakini vitufe havifungui mlango maisha yake yote. Kabla hujalipa, fungua wako wa zamani, piga picha saketi pande zote mbili pamoja na namba zilizoandikwa juu yake, mtumie muuzaji, akuonyeshe yake ina namba hizohizo. Akikataa kupiga picha, hela yako ibaki kwenye simu.

#33 Mama Kulwa

Mrejesho: rimoti imefunguka! Betri mpya na feni. Sasa nataka kuongeza ufunguo wa pili kabla Doto hajapata wazo lingine. Jumamosi upo kaka?

#34 FundiUmeme wa Mabatini

Hongera. Nipo mpaka saa nane mchana. Njoo na kadi ya gari na huo ufunguo, na uache Doto nyumbani 😄

#35 Mzee wa Limited

Fundi, nikuulize pembeni. Kijana wangu ananiletea Rav4 kutoka Dar, ana ufunguo mmoja tu. Hiyo nayo ina mambo yenu?

#36 FundiUmeme wa Mabatini

Angalia kitaa chekundu kwenye dashibodi mzee. Kikikonyeza, mlete naye Jumamosi, baada ya Mama Kulwa.